Jack Russell: Mbwa wa Shimo la Mbweha

Rehema: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo tunamzungumzia Jack Russell, mbwa mdogo wa jamii ya teria ambaye wengi humchukua kwa kuvutiwa na udogo wake, kisha mwezi haujaisha wanaulizana maua ya bustani yamekwenda wapi.

Daudi: Maua hayo, dada Rehema, yamefukuliwa na mbwa aliye kazini. Jina teria limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya ardhi, kwa kuwa mbwa hawa hufuata windo hadi chini ya ardhi. Huyu asili yake ni Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza, kwa kasisi John Russell, ambaye nadhani waumini wake walizoea kumsubiri, maana alipenda mno kuwinda mbweha. Inasimuliwa kwamba mwaka 1819, akiwa mwanafunzi Oxford, alinunua kwa muuza maziwa mbwa jike aliyeitwa Trump, naye ndiye anayehesabiwa kuwa bibi wa ukoo huu.

Rehema: Na weupe wake una sababu?

Daudi: Upo ili mwindaji asimdhanie kuwa ni mbweha. Hata kifua chake kilichaguliwa kwa kazi hiyo: viganja viwili vya mtu mzima viweze kukizunguka nyuma ya miguu ya mbele, kwani mwenye kifua kipana angekwama shimoni. Ndiyo maana kimo chake ni sentimita 25 hadi 30, na uzito kilo 5 au 6 tu. Akishaingia, hakutakiwa kumuua mbweha, bali kumbwekea bila kuchoka mpaka atoke, au mpaka wawindaji wachimbe kwa kufuata sauti.

Rehema: Jirani yangu anayeamshwa na kelele hizo hana habari na Devon. Tumsaidieje?

Daudi: Kwa kumpa mbwa shughuli. Kumpiga ni kumwadhibu kwa kile alichozalishwa akifanye. Mtembeze saa moja hivi kila siku, mfichie chakula akitafute kwa pua, na umtengee sanduku la mchanga ambamo utafukia mpira wake, ili afukue pale badala ya bustanini. Mfundishe kuitika tangu angali mdogo, lakini karibu na barabara usimwachie kamba, kwa sababu akimwona paka anakimbia, hata jina lake halisikii. Sungura na kuku usimwaminie.

Rehema: Kuhusu manyoya, yaliyo mafupi na laini yanatosheka na brashi mara moja kwa wiki. Yaliyo magumu hunyonyolewa kwa vidole pale yanapokufa, kwa kuwa mkasi huyafanya yawe laini na kupoteza kinga dhidi ya mvua.

Daudi: Linalonitia hofu zaidi ni jicho. Ukoo huu hurithi ugonjwa unaoifanya lenzi ichomoke mahali pake. Ukiona jicho jekundu, lenye ukungu, na mbwa analifumba kwa maumivu, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, kwani kuchelewa kunaweza kumpofusha. Kipimo cha vinasaba kipo, hivyo mwulize mfugaji matokeo ya wazazi kabla hujalipa. Akirukaruka kwa miguu mitatu, chunguza kile kifupa cha mbele ya goti kiitwacho pia.

Rehema: Na usitarajie uzee utampoza. Wangu ana miaka 12, na leo asubuhi amenifukulia mche wa mpapai.