Nimeendesha gari kwa saa tatu kumpeleka mtu kwa daktari: tuongee kuhusu manusura wa usafirishaji haramu wa binadamu walioko mbali na mji

Habari zenu ndugu zangu, habari za siku. Leo sipo sebuleni kama mlivyozoea. Niko ndani ya gari, na nyuma yangu mnaona ukuta wa ghala tu. Huo ukuta nimeutafuta. Nilipomshusha mtu niliyekuwa naye nilitaka kuwasha kamera palepale, nikajizuia, nikaendesha nusu saa nyingine mpaka nikapata mahali ambapo hata anayekaa huku hawezi kusema hapa ni wapi.

Wa siku nyingi mnajua kwamba mbali na kazi yangu huwa najitolea ukalimani. Nilipoanza nilidhani kazi ni maneno: huyu anasema Kiswahili, yule haelewi, mimi nakaa katikati. Siku hizi nusu ya kazi ni usukani. Eneo ninalohudumia ni mashamba matupu. Kutoka nyumba moja hadi nyingine ni mwendo wa gari, mtandao wa simu unakuja na kupotea, basi la abiria hakuna. Na huko ndiko nilikokutana na manusura wa usafirishaji haramu wa binadamu.

Najua mkisikia neno hilo mnaona kontena, usiku wa manane, watu wanavushwa mpaka. Hata mimi nilikuwa hivyo. Lakini kuna Itifaki ya Palermo, iliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2000, na yenyewe haina habari na kontena. Inauliza mambo matatu. Umemfanya nini huyu mtu: umemtafuta, umemsafirisha, umemficha, umempokea? Umempataje: kwa nguvu, kwa vitisho, kwa ulaghai, kwa kutumia shida zake? Na ulimtaka wa nini, kama si kumnyonya? Akiwa mtoto wa chini ya miaka 18, hilo swali la pili halina haja ya kuthibitishwa. Na wale wa "si alikubali mwenyewe?", Itifaki imewajibu tangu zamani: palipotumika ulaghai au vitisho, kukubali kwake hakuhesabiki.

Kwa hiyo mtu anaweza kusafirishwa kiharamu bila kuvuka hata mto. Na aliyempeleka mara nyingi si mtu wa kutisha. Ni shangazi, ni mchumba, ni mtu mnayesali naye. Kikulacho ki nguoni mwako.

Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 27.6 walikuwa katika kazi za kulazimishwa. Kati yao milioni 6.3 walikuwa kwenye biashara ya ngono, ambayo ndiyo kila mtu huiwaza kwanza. Milioni 17.3 walikuwa kwenye shughuli nyingine za watu binafsi: kazi za ndani, mashamba, ujenzi, uvuvi, viwanda. Shirika hilohilo lina dalili 11 za kutambua kazi ya kulazimishwa. Kuna kunyang'anywa vitambulisho, kuna deni lisiloisha, kuna mshahara unaoshikiliwa. Mojawapo ni kutengwa na watu. Sasa fikiria, mjini ukitaka kumtenga mtu inabidi ufunge mlango. Shambani huhitaji kufuli. Atakwenda wapi, kwa miguu, hajui hata barabara inaelekea upande gani?

Kabla sijaendelea: haya ninayosimulia nimeyachanganya kutoka kwa watu zaidi ya mmoja, na wamejua kwamba nitayasema. Msianze kutafuta nani ni nani.

Basi, kuna dada mmoja. Safari ya kwanza alikaa kiti cha nyuma, upande wa nyuma yangu, akateremka chini mpaka kwenye kioo simuoni. Akaniomba nizime lokesheni ya simu yangu. Nikazima, nikamwonyesha, akaishika simu akahakikisha mwenyewe. Karatasi zake zote alizifunga kwenye mfuko wa plastiki, mfuko ameuingiza ndani ya nguo. Tukaenda, saa moja, saa ya pili, hajasema neno. Tukafika kituo cha afya.

Mapokezi pale kuna dirisha, na mbele ya dirisha kuna benchi, watu wamekaa. Aliyekuwa dirishani akauliza kwa sauti: umekuja kwa tatizo gani? Namtafsiria polepole, nashangaa dada hanijibu. Nageuka, naona mzee mmoja kwenye benchi anamsalimia kwa jina. Kwa jina lake! Baadaye ndiyo nikaelewa kwamba mzee yule ni jirani wa mwajiri. Dada aligeuka, akatoka, nikamkuta ameshika kitasa cha gari kwa mikono miwili. Tukarudi. Siku nzima barabarani na daktari hatukumwona.

Mimi nilikasirika, siwafichi. Lakini nikimfikiria yule wa dirishani, hakuna aliyewahi kumfundisha. Na hapo ndipo shida ya sehemu ndogo ilipo. Nesi ni binamu wa msimamizi wa shamba. Polisi amesoma na tajiri. Gari lako likionekana limeegeshwa mbele ya ofisi fulani, kufika jioni habari imezunguka. Wenye mipango mizuri wanajenga jengo, wanatundika bango kubwa la kusaidia manusura, halafu wanashangaa haji mtu. Umeshamtangaza kabla hajaingia! Mfanyakazi wa ustawi wa jamii tuliye naye alifanya jambo dogo tu. Alitafuta kituo kingine, mbali zaidi, ambacho mlango wa ushauri nasaha ndio huohuo wa mama wanaoleta watoto chanjo. Unaingia na umati, unatoka na umati.

Na sisi wakalimani tumo. Siku moja nimeunganishwa kwa simu, nasikia sauti upande wa pili, anamtaja mwajiri, moyo ukanipasuka: ninamjua, tumewahi kukaa meza moja kwenye sherehe. Nilisema hapohapo, samahani, mtafuteni mkalimani wa mbali. Jamii yetu huku ni ndogo. Mnapotafuta mtu wa kutafsiri, msichukue wa karibu kwa sababu ni wa karibu. Na yule "ndugu" aliyemsindikiza, anayejibu maswali yote kwa niaba yake, mtoeni nje kwanza. Daktari anaweza kusema tu kwamba kipimo hiki mgonjwa huingia peke yake.

Halafu kuna mashujaa. Jamani, mashujaa wananichosha. Mtu amesikia kuna binti anateswa, anachukua gari na wenzake watatu na kamera, wanakwenda kumwokoa. Wanamtoa, wanapiga picha, wanaandika. Usiku analala wapi? Wenzake waliobaki kule wanafanywa nini? Nani ana pasipoti yake? Mkataba wa Baraza la Ulaya wa mwaka 2005, wa kupinga usafirishaji haramu wa binadamu, unasema mtu anayeaminika kuwa ni mhanga apewe angalau siku 30 za kupumua na kutafakari kabla ya kuamua kama atasaidiana na vyombo vya sheria. Siku 30 huku tuliko ni nini? Mwanasheria akiwa mbali na akawa na nafasi mara chache kwa mwezi, ukimkosa mara moja muda umeisha. Ndiyo maana ninasema anachohitaji mtu huyu ni mtu mwenye gari na mdomo uliofungwa, na ambaye mwezi ujao bado yupo.

Sasa ninyi wa nyumbani, maana wengine wanarudi. Anarudi kijijini na mfuko mmoja, na aliyempeleka anaishi nyumba ya nne kutoka kwao, anamwamkia kila asubuhi. Familia ilikopa ili asafiri. Watu wanakuja kumpa pole, lakini macho yako kwenye mfuko. "Na mwenzio mbona kajenga?" Jamani! Muacheni. Akitaka kusimulia atasimulia, na si lazima kwako. Kama unataka kusaidia, msindikize kufuatilia vitambulisho vipya, ni foleni ndefu na mtu peke yake hukata tamaa. Mpatie laini ya simu ambayo ni yake peke yake. Mtafutie kazi inayolipa mapema, kwa sababu deni halisubiri apone, na wakala anayejua ana deni atamrudia na safari nyingine. Hilo la kurudiwa watu wanalidharau sana.

Na msisubiri ofisi ifunguliwe kijijini. Angalieni ni nani tayari anafika huko: afisa ugani, nesi wa chanjo, dereva wa gari la mzigo, mwalimu. Hao ndio wanaoona mtoto asiyekwenda shule na hajulikani ni wa nani. Wafundishwe dalili, na waambiwe jambo moja zaidi: ukishaona, usimvamie mwajiri kwa maswali.

Nina la kwangu pia. Kuna video niliwahi kuweka, nimeegemea gari zuri, nacheka, nasema huku kazi zipo ni wewe tu. Gari halikuwa langu. Mtu mmoja akaniandikia kwamba wakala alimwonyesha video ile, akamwambia dada huyu ni mimi nilimpeleka. Mimi huyo wakala simjui hata sura. Video nimeifuta, lakini nakala zake zinazunguka, na sina namna ya kuzikusanya. Mkiiona mahali, naomba mseme tu kwamba ninyi mnanijua, na kwamba mimi sikupelekwa na wakala yeyote.

Leo dada kamwona daktari. Safari hii alikaa mbele. Wakati wa kurudi akaniuliza leseni ya udereva huku inachukua muda gani, na kama mtihani una kuandika sana. Sikuwa na jibu. Nilipomshusha nikapitia ofisi ya leseni kuulizia, na kitabu cha alama za barabarani wamenipa, hiki hapa kwenye kiti. Ni cha lugha ya huku, kwa hiyo usiku nina kazi ya kutafsiri.