Nilipiga 911, ikapokelewa jimbo la pili

Assalaam aleikum watu wangu wa Tanga, na nyie wa Muheza na Pangani mnaojipenyeza humu kila wiki, nawaona. Shikamooni wakubwa. Leo nimo garini ila nimepaki, msije mkanigombeza tena.

Binamu yangu wa Makorora kaniuliza: "Dada, huko Marekani ukipiga 911, ile namba ya dharura, inapokelewa Washington?" Nilicheka, lakini hata mimi nilipofika nilidhani hivyohivyo. Hapana. Vituo vya kupokea simu hizo viko maelfu, kila mji au wilaya na chake, tangu ile simu ya kwanza ya 911 ilipopigwa mwaka 1968 kwenye kimji cha Haleyville, Alabama. Namba ni moja, lakini lazima simu ifike kituo cha eneo lako. Hapo ndipo penye kasheshe.

Tazameni barabara hii nyuma yangu. Inaitwa State Line Road, hapa Kansas City. Upande huu ni Missouri, ule pale ni Kansas. Polisi mbalimbali, zimamoto mbalimbali, kinachotenganisha ni lami tu. Mwaka juzi bibi mmoja alianguka pale kwenye kona, mguu umepinda vibaya, nikapiga. Simu yangu ikashika mnara wa ng'ambo. Aliyepokea, neno lake la kwanza: "Uko wapi?" Nikamtajia. Nikasikia vidole vinagonga kibodi, halafu akasema subiri, nakuunganisha na wenzetu wa upande wa pili. Nikaanza upya na mtu mwingine, bibi huku kanishika mkono analia. Pengine ilikuwa nusu dakika. Nusu dakika ile, jamani, bora kungoja basi la Lushoto lijae.

Zamani za simu ya mezani haikuwa kazi: namba imeandikishwa na anwani, basi. Ya mkononi inatembea. Miaka yote mitambo iliangalia mnara uliodaka simu, na kila upande wa mnara umepangiwa kituo chake. Mawimbi nayo hayajui mpaka. Januari 2024 tume ya mawasiliano ya huku, FCC, ikaziagiza kampuni za simu zifuate pale aliposimama mpigaji, sio mnara. Lokesheni isipopatikana vizuri, wanarudi kwenye mnara uleule.

Na haya maswali watu wanayoyalalamikia, "wananihoji badala ya kuleta gari!" Sivyo. Anayekuhoji anaandika, na kila anachoandika mwenzake mwenye redio anakisoma kwenye skrini yake. Wewe bado unajibu bibi ana umri gani, gari limeshatoka. Ndiyo maana ukikata simu kwa woga wanakupigia wao. Mtoto akibonyeza kwa bahati mbaya, usikate, sema tu ni bahati mbaya.

Meseji nazo zinapokelewa, ila sio kila kituo. Kisichopokea, unarudishiwa ujumbe kwamba piga simu. Ni meseji ya kawaida, WhatsApp haiendi huko, na usimtumie shangazi nakala kwenye meseji hiyohiyo, inaweza isifike. Nayo inahitaji uandike mahali ulipo, kwa sababu lokesheni ya meseji huwa ya kubahatisha zaidi. Wenyewe husema piga ukiweza, andika usipoweza. Ni kwa kiziwi, au mtu kajificha na mwizi yumo sebuleni.

Sasa nyumbani. Zimamoto 114, polisi 112, na 115 ile ya m-mama kwa wajawazito na watoto wachanga. Hiyo m-mama mimi naipenda kweli. Anayepokea simu akikosa ambulansi, anamwita dereva wa mtaani aliyeandikishwa, na hela yake inaingia kwenye simu. Hilo Wamarekani waje wajifunze.

Lakini na yeye atauliza uko wapi. Na sisi watu wa Ngamiani hatuna kisingizio, mitaa yetu ina namba tangu bibi zetu, na mwaka 2022 tukabandikiwa na vibao vya anwani za makazi. Juzi nikampigia mama. "Mama, nyumba yetu namba ngapi?" Akanijibu, "Barabara ya kumi na mbili, mkabala na yule muuza mihogo." Nikamwambia muuza mihogo saa nane usiku hayupo, nisomee kibao. Nikasikia kandambili, mlango, kimya.

"Mwanangu, ngoja nianue kanga, nimeianika juu yake."