Safari ya Rihaku

Mwenyekiti, walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi mliosimama hadi mlangoni, asanteni kwa kuja.

Nilipokuwa nikiandika tasnifu yangu ya uzamivu kuhusu ushairi huru wa Kiswahili, nilirudishiwa sura ya tatu ikiwa na neno moja tu la wino mwekundu pembeni: "Kaiga." Aliyeandika alimkusudia mshairi Mtanzania Euphrase Kezilahabi, kwamba kawaiga Wazungu; yeye mwaka 1974 alichapisha diwani ya *Kichomi* bila kujifunga kwa vina na mizani. Neno hilo limeniajiri maisha yangu yote ya ualimu hapa Nairobi, na leo nataka kulijibu.

Mwaka 1915 mshairi Mmarekani Ezra Pound alichapisha *Cathay* huko London, kitabu chembamba cha mashairi yaliyotoka kwa Wachina, ingawa wakati huo Kichina hakukijua. Alitegemea madaftari ya marehemu Ernest Fenollosa, Mmarekani aliyesomeshwa mashairi hayo nchini Japani na walimu wa Kijapani, akiandika matamshi ya kila herufi na maana yake. Ndiyo sababu Li Bai, mshairi wa karne ya 8, anaitwa humo Rihaku, kama Wajapani wanavyomwita. Naomba tulitazame jina hilo kwa utulivu. Mchina amepita kinywani mwa Mjapani na kalamuni mwa Mmarekani, na alipofika London akapokewa kama sauti mpya ya Kiingereza. Wala sijapata kuona pembeni mwa ukurasa wa Pound neno "Kaiga". Tukiongeza vinyago vya Afrika alivyovikuta mchoraji Picasso katika makumbusho ya Trocadéro, Paris, mwaka 1907, tunaona kwamba usasa wenyewe, yaani ile sanaa mpya ya Ulaya ya mwanzoni mwa karne ya 20, ulilelewa na mama wengi.

Mwaka 1968, wahadhiri Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walidai papa hapa Nairobi kwamba Idara ya Kiingereza ya chuo kikuu ivunjwe na fasihi ya Afrika iwekwe katikati ya masomo. Ninaunga mkono dai hilo hadi leo, na kwa maoni yangu linatupa haki ya kuwasoma akina Pound tukiwa tumekaa kwetu, tukiwauliza walichukua nini, kwa nani, na wakakifanya nini.

Kezilahabi naye tumwulize hivyo hivyo. Mimi huwapigia wanafunzi wangu mezani mishororo ya utenzi, nao huhesabu mizani 8 kwa vidole, kisha nawafungulia *Kichomi*. Vidole hukwama mara moja. Nawaomba waweke mikono chini na kusoma kwa sauti, nao hukuta pumzi ya mtu anayezungumza, ikikatwa pale maana inapouma. Mwaka jana binti mmoja alinyamaza katikati ya shairi, akasema, "Mwalimu, hivi ndivyo nyanya yangu anavyoimba akiomboleza, na yeye hajui kusoma." Sura ya tatu ningeiandika upya kuanzia hapo.