Bilauri mbili za mwani

Assalaam aleikum, na wengine hamjambo. Nimepewa dakika ishirini, na mbili kati yake zishakwenda na maikrofoni, kwa hiyo naanza moja kwa moja na hizi bilauri mbili hapa mezani.

Hii ya kushoto ina maji, chumvi kidogo ya potasiamu, na karaginani, kitu cha kugandisha kilichotolewa kwenye mwani uitwao kotonii. Ya kulia ina maji, kalsiamu, na karaginani ya mwani mwengine, spinosamu. Zote nimezipika jana usiku kwa kipimo kimoja. Naipindua ya kushoto juu ya sahani: imesimama kama tofali. Wa mbele mnaona inavyotoa maji chini. Naibonyeza kwa kidole… imepasuka. Hii ya kulia nikiitikisa inacheza, lakini haipasuki. Naivuruga kwa kijiko mpaka iwe kama uji, naiweka pembeni. Tutairudia.

Mama mmoja mkulima aliniuliza kule Paje, Zanzibar: “Mwalimu, sote tunalowa kiuno, bahari ni moja, mbona mwani wangu ni wa bei rahisi kuliko ule mwengine wa jirani?” Nilimjibu habari za soko, akanitazama kama anayeona mtu anakwepa deni. Jibu lenyewe limo kwenye bilauri hizi.

Karaginani ni mnyororo mrefu wa sukari iitwayo galaktosi, ambayo mnaipata pia ndani ya sukari ya maziwa. Juu ya sukari hizo pamekaa salfeti, vijikundi vya salfa na oksijeni. Katika kila jozi ya sukari, aina ya kapa ina salfeti moja, iota ina mbili, lamda ina tatu. Salfeti zina chaji hasi, hazipendi kukaribiana. Zikiwa chache, minyororo inasogeleana na kujisokota miwili miwili kama kamba ya makumbi, kisha potasiamu inaingia kuikaza. Hiyo ndiyo kapa, tofali letu la kushoto, na ndiyo kotonii. Iota nayo hujisokota, lakini kwa ulegevu zaidi, na rafiki yake ni kalsiamu. Hiyo ndiyo spinosamu. Lamda haigandi kabisa, inafanya maji yawe mazito tu. Kwa hiyo yule mama mwenye spinosamu na jirani yake mwenye kotonii wametenganishwa na salfeti moja.

Viwandani mwani huchemshwa na magadi makali. Kuna salfeti zilizokaa vibaya zinazopinda mnyororo. Magadi huzing'oa, mnyororo unanyooka, jeli inakaza zaidi.

Na kwa nini kapa inagombewa? Maziwa. Kapa ina tabia ya kuishika protini ya maziwa, na kwa sababu hiyo gramu mbili au tatu kwa lita kumi zinatosha kuzuia kakao isizame chini ya pakiti ya maziwa ya chokoleti. Gramu mbili! Inatumika pia kwenye aiskrimu, na kwenye nyama za kusindika ili zisitoe maji. Iota kazi yake kubwa mnaijua kila asubuhi: dawa ya meno. Unaminya, inatoka laini, ikifika kwenye mswaki inasimama.

Historia nitaipitia mbio. Jina limetoka Ayalandi, ambako mwani mwekundu wa baridi ulichemshwa na maziwa kupata kitu kama faluda. Kilimo cha mwani wa maji ya joto kilianzia Ufilipino, na Maxwell Doty wa Chuo Kikuu cha Hawaii alikuwa mmoja wa waliokisukuma. Mwanafunzi wake, Profesa Keto Mshigeni, ndiye aliyetuzindua huku kwetu. Mwaka 1989 mbegu kutoka Ufilipino zikafungwa kwenye kamba Paje na Jambiani.

Balaa ni joto. Kotonii, ile ya bei, ndiyo dhaifu. Maji ya kina kifupi yakipata moto, matawi yanapauka, yanakuwa meupe, yanakatika. Unafika bamvua inayofuata unakuta taitai, vile vikamba vya kufungia mwani, zinaning'inia tupu. Spinosamu inavumilia. Mtafiti wa mwani, Dkt. Flower Msuya, na wenzake wamejaribu kuihamishia kotonii maji ya kina, ndani ya nyavu za mfano wa bomba. Inaota, ila huko panataka chombo na kujua kuogelea, na wakulima wetu wengi ni wanawake ambao hawakufundishwa kuogelea. Mimi naona hilo ni swali la kisayansi sawasawa na lile la salfeti.

Naulizwa sana kama karaginani inaleta uvimbe. Tangu 1962 watafiti huidunga kwenye mguu wa panya makusudi uvimbe utokee, wapime dawa za kutuliza. Lakini kudunga si kula. Tena kuna kitu kingine, poligini, ambayo ni karaginani iliyokatwakatwa kwa asidi kali. Hiyo imewekwa kwenye kundi la vitu vinavyoweza kuleta saratani, na watu huchanganya majina. Mjadala kama karaginani inayoliwa inadhuru utumbo bado unaendelea, sitawaficha.

Na msiuziwe miujiza. Jeli ya karaginani iliwahi kuzuia VVU vizuri maabara. Ikajaribiwa Afrika Kusini kwa wanawake zaidi ya 6,000. Matokeo ya 2008: haikudhuru, na haikuzuia.

Kwa mkulima, liko moja analoweza kulishika mwenyewe. Mwani uliovunwa mchanga una jeli dhaifu. Wiki sita ni bora kuliko nne. Najua, ada ya skuli haingoji wiki sita. Ndiyo maana sisemi kwa kulaumu.

Sasa ile bilauri ya kulia niliyoivuruga. Kijana, hebu ipindue taratibu… Taratibu! Umeona? Imeshikana tena. Haya, leteni maswali.