Kabla ya Kamera: Njia Nyingine za Kuupima Utumbo Mpana

Asanteni, na shikamooni wakubwa zangu. Nimetaja neno kolonoskopi tu, na safu mbili za nyuma zimeangua kicheko. Nakijua kicheko hicho. Nimekisikia kliniki miaka mingi, na kwa kawaida kinafuatiwa na sentensi moja: "Daktari, hakuna kipimo kingine?"

Kipo. Vipo kadhaa.

Kwa ambao hawajakutana nayo, kolonoskopi, kipimo cha kutafuta saratani ya utumbo mpana, ni mpira mrefu mwembamba wenye kamera nchani, unaoingizwa njia ya haja kubwa na kupelekwa taratibu mpaka mwanzo wa utumbo mpana. Daktari akikuta polipu, yaani kijinyama kilichoota kwenye ukuta wa utumbo, anakikata palepale. Sifa hiyo hakuna kipimo kingine kitakachoinyang'anya. Ila kuna dawa ya kuharisha unayoanza kuinywa tangu jana yake, kuna siku ya kazi inayopotea, mara nyingi kuna sindano ya usingizi na mtu wa kukurudisha nyumbani, halafu kuna aibu. Utafiti mkubwa uliofanywa Polandi, Norwei na Uswidi ulitoa matokeo mwaka 2022. Kati ya kila watu 100 walioitwa kwa kolonoskopi, waliofika ni 42. Mazungumzo ya leo nimeyaandaa kwa ajili ya wale 58.

Polipu haigeuki saratani kwa usiku mmoja. Mara nyingi huchukua miaka 10 hivi, na wakati huo zile kubwa huvuja damu kidogo kidogo, kiasi ambacho jicho halioni. Hapo ndipo kipimo cha choo kinapoingilia.

Cha zamani kilitumia karatasi iliyopakwa utomvu wa mti uitwao guaiac. Unapaka choo, maabara wanadondosha haidrojeni peroksaidi, na pakiwa na damu karatasi inageuka buluu. Kilifanya kazi: utafiti wa Minnesota, Marekani, uliochapishwa mwaka 1993, ulionyesha kwamba waliopimwa kila mwaka vifo vyao vya saratani hii vilipungua kwa theluthi moja. Udhaifu wake ni kwamba hakikujua kutofautisha damu ya mtu na ya ng'ombe. Ukila nyama nyekundu kinaweza kukushitaki bure, ukimeza vitamini C nyingi kinaweza kukuachia ukiwa na hatia.

Kipya kinaitwa FIT. Hiki hapa, wa nyuma mnakiona? Kichupa cha plastiki, kirefu kama kidole, na mfuniko wake una kijiti chenye mikunjo midogo nchani. Unatandika karatasi chooni ili kinyesi kisiguse maji. Unakikwangua juujuu kwa kijiti, hapa, hapa na pale, maana damu haikai sehemu moja. Usichimbe na wala usijaze. Kinachotakiwa ni kile kilichobaki kwenye mikunjo, si zaidi ya hapo. Unarudisha kijiti, unafunga mpaka kisikike "tak", unaandika tarehe. Dakika mbili. Ndani kuna maji maalumu ya kutunza sampuli, na maabara wanatumia kingamwili zinazotambua hemoglobini, yaani kile kinachoipa damu wekundu wake, ya binadamu peke yake, kwa hiyo hakuna cha kujinyima chakula. Najua kuna kinyaa. Lakini wahenga walishasema mficha uchi hazai, na aliyewahi kumbadilisha mtoto nepi ameshika makubwa kuliko haya.

Je, kinatosha? Utafiti wa Marekani wa mwaka 2014, uliohusisha karibu watu 10,000 ambao wote walipitishwa pia kwenye kamera, ulikuta kwamba FIT ya mara moja inakamata saratani 74 katika kila 100. Polipu hatari inakamata kama robo tu. Mtu akiishia hapo atasema ni kipimo dhaifu, na madaktari wenzangu kadhaa wanaishia hapo. Mimi nasema wanahesabu vibaya. FIT hurudiwa kila mwaka, au kila miaka 2 kama wanavyofanya Uingereza na Uholanzi, na kilichoponyoka mwaka huu kina nafasi ya kunaswa mwakani. Hispania walilijaribu hili kwa watu zaidi ya 57,000: kundi moja liliitwa kwa kolonoskopi mara moja, jingine kwa FIT kila miaka 2. Matokeo yalitoka mwaka 2025. Baada ya miaka 10, vifo vya saratani hii katika makundi yote mawili vilikuwa karibu sawa kabisa, na walioitikia mwito wa FIT walikuwa wengi zaidi.

Kipo pia kipimo cha choo kinachotafuta damu pamoja na vinasaba vilivyoharibika. Katika utafiti uleule wa 2014 kilikamata saratani 92 katika 100. Bei yake ya kisayansi ni kengele za uongo: 13 katika kila 100 wasio na tatizo kubwa waliambiwa wana dalili, wakati FIT iliwatisha 5. Kwa anayejijua hatakumbuka kupima kila mwaka, kinafaa, maana hurudiwa hata baada ya miaka 3.

Siti skani ya utumbo, yaani picha za eksirei zinazopigwa kutoka nje ya mwili, nitaipitia haraka. Rais Obama alifanyiwa mwaka 2010. Hakuna kamera ndani, lakini dawa ya kuharisha kwa kawaida iko palepale, unajazwa hewa tumboni, na polipu ikionekana unarudi kwenye kamera ileile uliyoikimbia.

Kipimo cha damu ya mshipani ndicho kila mtu ananiuliza siku hizi. Marekani waliidhinisha kimoja mwaka 2024. Kinakamata saratani 83 katika 100, vizuri, lakini polipu hatari 13 tu. Yaani kinamngoja mwizi mpaka awe ameshaingia ndani. Kwa sasa simshauri mtu akiache kichupa hiki kwa ajili yake, isipokuwa kama vingine vyote amevikataa.

Na haya yote ni kwa mtu asiye na dalili wala historia. Kama unaona damu chooni, unapungua mwili bila sababu, una upungufu wa damu usioelezeka, au mzazi wako au ndugu yako wa tumbo moja aliugua saratani hii, muone daktari mzungumzie kamera moja kwa moja.

Jambo linalonikera ni hili. Mzee mmoja alipata FIT chanya. Akajiambia ni bawasiri. Akaenda kwingine akapima tena, ikatoka hasi, akaniletea ile karatasi kama mtu aliyeleta cheti cha kuhitimu. Nikamwambia, mzee wangu, polipu haivuji damu kila siku. Hii ya pili haiifuti ya kwanza. Alinuna. Tulibishana miezi minne. Alipokubali kamera, tulikuta polipu kubwa kama zabibu, ikakatwa, na maabara wakasema bado haijageuka. Chanya maana yake kolonoskopi, hata kama unahisi mzima. Ukikubali kichupa, umekubali na hilo.

Maswali. Ndiyo, mama. Wakati wa hedhi hapana, subiri siku tatu baada ya kumaliza. Na kijana pale? Kukiacha kichupa kwenye gari siku nzima juani? Vibaya sana. Joto linaivunja hemoglobini, na unaweza kupewa hasi ambayo si ya kweli. Kitupe, omba kingine, na hicho kipeleke siku hiyohiyo.