Mkimbio Mmoja: Wafundisheni Kukimbia Kabla ya Kupiga

(Mhadhara kwa makocha na walimu wa michezo kuhusu timu ya taifa ya kriketi ya wanawake ya Tanzania, kama ulivyotolewa)

Ndugu zangu makocha, walimu, na nyinyi dada zetu mliojibanza nyuma karibu na mlango, sogeeni. Viti vya mbele havina miiba.

Najua wapo waliokuja kusikia habari za mikimbio 285, yaani alama 285 katika mechi moja, basi tuzimalize mapema. Juni 2019, Kigali, mashindano ya Kwibuka. Tanzania dhidi ya Mali: 285 kwa wiketi moja, yaani mpigaji mmoja tu ametolewa, Fatuma Kibasu amevuka mia, na Mali wote nje kwa 17. Kombe tukabeba. Mwaka 2022 tukalibeba tena, safari hii mbele ya Kenya. Hongera zilishatolewa, picha zilishapigwa.

Sasa nawauliza: katika zile 285, msichana wetu alijifunza nini? Mpira ukivuka mpaka, mpigaji hana haja ya kukimbia, anasubiri urudishwe. Na wiki ile ile Uganda waliwafunga Mali 314, ndani yake mikimbio 61 ni ya ziada tu, 58 kati yake ya waidi (mpira uliorushwa mbali na mpigaji) na nobo (mpira uliorushwa kinyume cha sheria). Soma tena hizo namba. Kila waidi na kila nobo ni mkimbio wa bure, halafu mpira unarudiwa. Waganda walirushiwa karibu ova kumi za nyongeza, na ova ni mipira sita. Na siku mbili kabla, Rwanda waliwatoa Mali hao hao kwa mikimbio 6, mmoja tu ukiwa umetoka kwenye gongo. Na nikisema gongo nasema la mbao, mnaocheka huko nyuma nimewaona.

Siwacheki Mali. Walikuja, wakacheza, wakarudi nyumbani na vichwa juu. Ninachosema ni kwamba ushindi wa namna ile unalea uvivu. Ukikutana na Zimbabwe, Uganda au Namibia, hakuna atakayekupa waidi na nobo 58. Unapewa mpira ulionyooka, mzuri wa kawaida, unaupiga vizuri, unamwendea mdakaji aliyesimama mita 20 kutoka kwako, na wewe unasimama kuutazama kama unaangalia mwezi. Doti, mpira usiozaa mkimbio. Mpira unaofuata, doti. Wa tatu unaona aibu, unafumba macho unavurumisha, umedakwa. Tunasema amepiga vibaya. Hakupiga vibaya, aliuawa na zile doti mbili za mwanzo.

Fanyeni hesabu nami. Mechi ni mipira 120 kwa kila timu. Chukua timu yenye doti 60. Katika 60 iliyobaki, kumi ni za nne, mpira uliovuka mpaka na kuleta mikimbio minne, na hamsini ni mkimbio mmoja mmoja: 40 na 50, unapata 90. Sasa usiongeze hata nne moja. Geuza doti 15 ziwe mkimbio mmoja mmoja: 105. Geuza mikimbio minane ya mmoja iwe miwili: 113. Mnaofuatilia kriketi ya Afrika mnajua tofauti ya 90 na 113. Na wala sijamtaja mtu mwenye misuli.

Atasema mtu: mwalimu, unawafundisha wasichana woga, kriketi ya kisasa ni sita, mpira unaovuka mpaka bila kugusa chini. Haya. Thailand walishinda mechi 17 mfululizo za ova 20 kati ya Julai 2018 na Agosti 2019, wakavunja rekodi ya Australia. Walikuwa na wapigaji wa sita wangapi? Walikuwa na miguu, na walikuwa na wadakaji wasiopitisha kitu. Mwaka 2020 walikuwa Kombe la Dunia, huko huko Australia, na kwa Pakistan wakapiga 150 kwa wiketi tatu kabla mvua haijaharibu mechi. Mwenye sita zake apige, sijamkataza. Lakini sita unaipata pale mrushaji alipokwisha kuchanganyikiwa, na kinachomchanganya ni kubadilishiwa mpigaji kila mpira, maana mkimbio mmoja unawabadilisha wapigaji upande.

Na sheria za kriketi ya wanawake zenyewe zinakuita ukimbie. Duara la ndani kwa wanawake lina nusu kipenyo cha mita 23, kwa wanaume ni mita 27 na ushee. Baada ya ova sita za mwanzo, wadakaji wanaoruhusiwa kusimama nje ya duara ni wanne tu. Wanne! Mpaka uko mita 55 hadi 64. Chora kwenye karatasi, uone mapengo. Mpira uliopigwa taratibu katikati ya wawili wa nje ni mikimbio miwili ya halali, na sisi tunachukua mmoja, tena kwa kutembea, huku tumeridhika.

Sasa twende kwenye kazi. Kosa la kwanza ni letu makocha. Tunaambiwa pichi, ule ukanda wa katikati, ni yadi 22, tunapima mita 20, tunaweka koni. Mita 20.12 ni kutoka wiketi hadi wiketi, vile vijiti vitatu vya kila upande. Mpigaji hakimbii kutoka wiketini. Mstari wa krizi, ambao mpigaji lazima auvuke ili awe salama, uko mita 1.22 mbele ya wiketi, huku na kule. Toa mara mbili: 17.68. Hiyo ndiyo namba, iandikeni kwenye kiganja. Ukimzoesha msichana mita 20, unamzoesha kunyoosha gongo mahali ambapo alishafika zamani, na kwenye mechi hajui lini ashushe mkono.

La pili, kuitana. Hapa nitakaa kidogo, mtanivumilia, na mwenyekiti asianze kutazama saa. Vijana wetu huitana kwa "ndiyo" na "siyo". Sikilizeni nikigeuka nyuma niseme: ...diyo! ...siyo! Aliyeko mita 17 kutoka hapa, upepo wa bahari unavuma, wadakaji wanapiga makofi, anasikia mkia tu: "iyo". Ndiyo gani? Wengine wanatumia "njoo" na "ngoja". Mungu wangu! Yote yanaanzia puani, yote yana "o" iliyobebeshwa mkazo. Mmoja ameambiwa angoje, amesikia njoo, wakakutana katikati ya pichi wanatazamana kama majirani waliogombana. Na "hapana" ni neno zuri la kukataa chai, lakini ni refu. Ukifika kwenye "na" mwenzio ameshakimbia hatua tatu.

Chagueni maneno ambayo hata ukisikia irabu peke yake umeelewa: "Twende", "Baki", "Ngoja". E-e, a-i, o-a, hayagongani. Wanaopenda Kiingereza waseme yes, no, wait, sawa, ila na wao wasikilize jinsi yes na wait zinavyofanana ukiwa mbali. Na lazima neno litoke kwa kila mpira, hata ule uliokwenda mkononi mwa mdakaji. Ukimya si jibu.

Nani anaita? Mpira ukienda mbele ya mpigaji, anaita mpigaji. Ukienda nyuma yake, anaita mwenzake, kwa sababu ndiye anayeuona. Na "Ngoja" haimalizi mazungumzo, lazima ifuatiwe na "Twende" au "Baki". Ranauti nyingi, yaani kutolewa ukiwa mbioni, zinazaliwa kwenye "Ngoja" iliyoachwa ikining'inia.

La tatu ni mwenza aliyesimama upande wa mrushaji. Septemba 2021, Gaborone, mechi za kufuzu za Afrika, mashindano ambayo na sisi tulikuwamo. Maeva Douma wa Kameruni, msichana wa miaka 16, aliwatoa Waganda wanne kwa njia moja: anakuja kurusha, mwenza keshatoka kwenye krizi, anasimama, anavunja wiketi. Mmoja. Wa pili. Wa tatu. Wa nne! Mechi Uganda walishinda, Kameruni waliishia 35, lakini wiketi nne ni wiketi nne. Watu wakaanza mjadala wa adabu: je, ni uungwana? Adabu mpelekeeni mjumbe wa nyumba kumi. Tangu Oktoba 2022, katika sheria za kriketi, jambo hilo limehamishwa kutoka sura ya mchezo usio wa haki, sasa linakaa kwenye sura ya ranauti, basi. Ni auti kama auti nyingine. Swali langu ni moja: baada ya wa kwanza kutolewa, huyo wa pili alikuwa anaangalia wapi? Na wa nne?

Dawa yake haina gharama. Ncha ya gongo ikae nyuma ya mstari, mkono umenyooka, mguu mmoja mbele, macho kwenye mkono wa mrushaji, si kwa mpigaji. Mpira ukiachiwa, ndipo unatoka, hatua mbili tatu za haraka wakati mpira uko hewani. Umeshaiba mita mbili kihalali. Anayetoka mapema anaiba nusu mita na kuhatarisha wiketi. Biashara gani hiyo?

La nne, kugeuka. Simama hapa binti, nikuonyeshe, na wengine msogee. Umepiga mpira upande wa mguu, yaani kushoto kwa anayepiga kwa mkono wa kulia, unakimbilia kwa mrushaji. Mpira uko kushoto kwako. Gongo ulishike mkono gani? Umeshika wa kushoto. Haya geuka. Unaona? Umeupa mpira mgongo. Hujui kama mdakaji ameushika au umempita, inabidi ugeuze shingo baada ya kugeuka, na hapo ndipo mkimbio wa pili unapopotea. Sasa hamishia kulia. Nyoosha. Kifua kinatazama mpira, umeinama, goti limekunjwa, mguu wa mbele unasukuma. Mpira kushoto, gongo kulia. Mpira kulia, gongo kushoto. Badilisha mkono ukiwa katikati ya njia, usingoje mwishoni.

Gongo lilale chini mapema, mita moja au zaidi kabla ya mstari, na liteleze. Mkono ulionyooka na gongo vinakupa kama mita moja na nusu mbele ya mguu wako. Ukilishusha likiwa wima, ncha inanasa kwenye ufa wa pichi na mpini unakuingia mbavuni. Ukiliacha hewani, hujafika, hata kama mwili wote umepita kwa juu. Na mstari wenyewe si nyumba yako: gongo likigusa juu ya chokaa bila kuvuka, ni auti. Ukigeuka bila kuvuka, mwamuzi anagusa bega, huo mkimbio umefutwa. Umekimbia mita 35 ukalipwa nusu.

Mtaniuliza zoezi. Jozi mbili mbili, pedi za kukinga miguu na kofia vyote vimevaliwa, si raba na kaptura. Kukimbia bila pedi ni mchezo mwingine. Kimbieni mmoja, miwili, mitatu, pumzikeni kwa kutembea, rudieni mara nane. Pimeni muda wa miwili mwanzoni na mwishoni. Ukiona wa mwisho umerefuka sana, huyo atatolewa ova ya 18, msije mkasema bahati mbaya. Na kila mmoja akimbie nje ya pichi, upande wake. Wakikimbia njia moja watagongana, na wakikanyaga katikati mwamuzi atawaonya kwa kuharibu pichi.

Mwenyekiti ananionyesha vidole vitano. Nilikuwa na mengine manne.

Waidi: kila waidi ni mkimbio na mpira wa ziada, kwa hiyo ule uzembe niliowasema kwenye kupiga upo pia kwenye kurusha. Mrushaji aweke kiatu chini mguuni kwa mpigaji, ajaribu kukigonga mipira 24, ahesabu. Imetosha.

Mikeka: anayejifunzia kwenye mkeka juu ya saruji anazoea mpira unaoruka sawasawa. Akifika kwenye pichi ya udongo na nyasi, mpira unakaa chini, gongo linapita juu. Kabla ya safari apewe angalau wiki mbili za nyasi. Nilikuwa na maelezo ya roli ya kushindilia pichi na maji, yataendelea kusubiri kama yalivyosubiri mwaka jana.

Viwango: tangu Julai 1, 2018 kila mechi ya ova 20 kati ya timu za taifa za wanawake za wanachama wa ICC, baraza la kriketi la dunia, inahesabiwa kimataifa. Na viwango vinauma, hata vya ova 50, waulizeni Thailand. Mwishoni mwa 2021, mashindano ya kufuzu Kombe la Dunia la ova 50 yalikatishwa Zimbabwe kwa sababu ya korona, wao wakiwa wanaongoza kundi lao. Nafasi zikagawiwa kwa viwango vya ova 50, wakabaki nyumbani. Hakuna mechi ya kirafiki, jamani.

La nne nimeliacha, ni la wateuzi, na wateuzi hawakuja.

Swali? Ndiyo, mama hapo. Anauliza: mwenye mwili mkubwa asiyekimbia afanyeje? Aite mapema. Mzito anayeita mapema anafika kabla ya mwepesi anayesitasita. Na afuate mstari ulionyooka, asizunguke kama basi.

Basi. Koni ziko pale uwanjani, nimezipima kwa utepe: 17.68, si 20. Vaeni pedi, tokeni wawili wawili, na wa kwanza atakayesema "njoo" anaanza upya.