Sumaku kwenye Mfupa wa Farasi: Mhadhara kwa Wataalamu wa Mifugo, Uyole, Mbeya

Shikamooni wazee. Vijana, hamjambo. Leo ni tiba ya sumaku ya mipigo, ya kusaidia mfupa uliovunjika kuunga. Farasi huku nyanda za juu ni wa kuhesabu, lakini punda wa mikokoteni Usangu tunao. Nikisema farasi, mwenye punda naye asikie.

Mwaka 1957 Wajapani Fukada na Yasuda walionyesha kuwa mfupa ukikandamizwa hutoa umeme kidogo. Baadaye daktari wa mifupa Andrew Bassett na wenzake, New York, wakaweka koili za waya kando ya mguu uliovunjika na kupitisha umeme wa mipigo. Sumaku inayopanda na kushuka ikaamsha umeme ndani ya mfupa bila kuchana ngozi. Mwaka 1979 Marekani iliruhusu tiba hiyo kwa watu ambao mifupa yao imegoma kuunga. Kwa farasi, watafiti wa Italia mwaka 1993 waliona seli zijengazo mfupa zikichapa kazi zaidi kwenye matundu waliyotoboa chini ya goti la mbele. Tundu la keekee si mvunjiko, msichanganye.

Sasa kifaa. Koili mbili za kipenyo cha sentimita 16, mizunguko 100 kila moja, zinakaa pande mbili za mguu zikitazamana, zimeachana sentimita 8. Ampea 1.5 zikipita, katikati unapata sumaku ya nguvu ya takriban militesla 1.7 (militesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku). Koili moja peke yake haifai sana: ukisogea sentimita 8 mbele kutoka katikati yake, nguvu inabaki kama theluthi. Ndiyo maana blanketi la sumaku lililoning'inia mgongoni halina habari na mfupa wa mguu. Hogo, yaani plasta ngumu ya kufungia mguu, halizuii sumaku, kwa hiyo usilifungue.

Kosa linalotokea sana ni waya kugeuzwa. Koili zinapingana, taa inawaka, mashine inalia, katikati ya mguu hakuna kitu. Pima kabla: ziunganishe mfululizo na betri kavu moja ya volti 1.5, elekeza mhimili wa koili, yaani mstari unaopita katikati ya zote mbili, mashariki–magharibi, weka dira katikati. Sindano ikiruka kutoka kaskazini, sawa. Ikitulia pale pale, geuza nyaya za koili moja.

Muda nao. Wagonjwa wa Bassett walivaa koili saa nyingi kila siku, kwa miezi. Nusu saa kwa siku, kama wauzaji wengine wanavyoshauri, kwa mfupa naiona kama kunyunyizia shamba kwa kijiko. Tumia saa za usiku, mnyama akiwa zizini. Na zizi liwe kavu: matope ya masika na waya uliochubuka havipatani.

Mfupa unaocheza hauungi kwa sumaku. Kwanza tuliza kwa hogo, bamba au skrubu. Usaha ukiwepo, au kipande cha mfupa kilichokufa, kisafishwe kwanza. Pengo pana linataka kupandikizwa mfupa. Punda akiacha kula siku mbili, weka koili kando, shughulikia tumbo na damu yake; mafuta ya mwili yakijaa kwenye damu kwa kutokula humuua kabla ya mguu.

Jambo la mwisho ni maumivu. Mipigo inaweza kuyapunguza, mnyama akatembea vizuri huku ufa upo, na punda ndiye bingwa wa kuficha. Zima mashine siku moja kabla ya kumkagua mwendo, na usimrudishe kwenye mkokoteni kabla ya eksirei.